Kamera Mbili za Bei Moja

Kwa miaka ishirini na sita Fusae Kawanishi alipika chakula cha mchana cha watoto mia nne na kumi katika shule moja ya msingi mjini Matsuyama, na katika miaka yote hiyo wali haukuchelewa hata siku moja. Saa tano na nusu masufuria yanafunikwa, saa sita kasoro robo vigari vinasukumwa madarasani. Mtu aliyezoea kuishi hivyo, ukimwambia "ngoja kwanza tulifikirie," unamtia homa. Lakini majaaliwa yana mizaha yake, na Fusae akaolewa na Shozo.

Shozo alikuwa mpima ardhi wa manispaa. Alipima mipaka ya mashamba ya watu mara tatu, akarudi nyumbani, akakosa usingizi, asubuhi akaenda kupima mara ya nne. Alipostaafu alibaki na tabia ya kupima lakini hana tena cha kupima. Kununua kibaniko cha mkate kulimchukua majira ya baridi mazima. Siku walipokileta nyumbani, Fusae alikuwa ameshaacha kula mkate.

Mambo ya kamera yalianza Agosti mwaka 2006, katika zile siku ambazo kila mtu hurudi kwao kuwakaribisha wafu. Walikuwa kijijini kwa mama yake Fusae, Bi Tsuneyo, aliyeishi peke yake katikati ya michenza kwenye mteremko unaotazama bahari. Ajuza yule alikuwa na miaka themanini na saba na bado alipanda ngazi kupogoa matawi. Alikuwa barazani anakula tikiti maji. Akatema mbegu uani, akasema:

"Novemba natimiza themanini na minane. Mtakuja, na mtanipiga picha. Picha ya maana. Ile itakayowekwa mbele ya jeneza langu."

"Mama! Leo hii unazungumza mambo hayo?"

"Niyazungumze lini, nikishakufa?" Akamgeukia Shozo. "Na wewe mkwe, sikiliza. Sitaki picha ya haraka haraka. Nisije nikawekwa kama marehemu mama yako, anayeonekana kama anachungulia kutoka kwenye mvuke wa chungu cha tambi."

Shozo aliinamisha kichwa. "Nimesikia, Mama."

Fusae alicheka, kisha akasahau. Shozo hakucheka, wala hakusahau.

Kamera yao ya filamu ilikuwa imeota ukungu ndani ya lenzi, basi Jumapili iliyofuata wakaenda duka kubwa la vifaa vya umeme kwenye barabara ya maduka iliyoezekwa paa. Fusae alipiga hesabu yake: nusu saa dukani, halafu bakuli la tambi nene za udon, halafu nyumbani kuanua nguo. Aliyewahudumia aliitwa Hamaguchi, mtu mnene na mpole wa miaka hamsini hivi, mwenye kikohozi kidogo cha adabu kabla ya kila sentensi.

"Kwa matumizi ya familia, mzee, nakushauri hizi mbili."

Moja ilikuwa ya rangi ya fedha, nyingine nyeusi. Zote mbili ziliingia katika kiganja. Zote mbili ziliuzwa yeni elfu ishirini na tisa na mia nane.

"Tofauti yake ni nini?" Shozo akauliza.

Baadaye Fusae alikuwa akisema kwamba laiti angejua, angemziba mumewe mdomo palepale.

Hamaguchi alikohoa, akaeleza. Ile ya fedha huvuta vitu vya mbali mara sita, na hutumia betri mbili za kawaida, za kununua popote. Ile nyeusi huvuta mara tatu tu, lakini kioo chake cha nyuma ni kipana, hutuliza picha mkono unapotetemeka, na huona vizuri ndani ya nyumba palipo na mwanga hafifu. Betri yake ni ya kuchaji. Ya fedha ni megapikseli sita, nyeusi ni saba.

"Na ipi bora?" Fusae akauliza.

"Zote ni bora, mama."

"Kama zote ni bora, tufungie moja twende zetu."

"Subiri kidogo, Mama Tomoe," Shozo akasema, akatoa daftari mfukoni. Tomoe ni binti yao aliyeolewa Nagoya, na Shozo hakuwa amemwita mkewe kwa jina lake tangu binti huyo azaliwe. Akapiga mstari katikati ya ukurasa. Fusae alipouona ule mstari, moyo wake ulishuka mpaka kwenye viatu.

Septemba ilikwisha hivyo. Shozo aliomba vipeperushi vya kila kamera, akavisoma mezani kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Aliazima saa ya kupimia wakimbiaji kutoka kwa rafiki yake wa mchezo wa go, ule wa kete nyeusi na nyeupe, akaenda nayo dukani kupima muda unaopita kati ya kubonyeza kitufe na picha kunaswa. Ya fedha ilichelewa kidogo kuliko nyeusi. Jumapili ya pili akapima tena, nyeusi ikachelewa kuliko ya fedha. Akarudi nyumbani amenyong'onyea kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Jioni moja Fusae alirudi kutoka kazini, akafungua friji, akakosa figili nyeupe aliyoinunua asubuhi.

"Baba Tomoe, figili yangu ya supu iko wapi?"

Shozo alikuwa ameketi sakafuni, na mbele yake gazeti, kisu na mizani ya jikoni. Alikuwa ameichonga ile figili vipande viwili vya mstatili, akavipunguza kidogo kidogo mpaka kila kimoja kikawa na umbo na uzito wa kamera yake.

"Shika," akamwambia kwa furaha. "Hii ni ya fedha, hii ni nyeusi. Fumba macho. Ipi inakaa vizuri mkononi?"

"Zote mbili ni figili!"

"Najua, lakini ukiacha hilo..."

"Siachi hilo! Watu wamekaa na njaa, wewe unachonga figili! Lete hapa."

Akazikatakata zote mbili, akazitia kwenye supu. Shozo alikula, na Fusae aliona wazi kwamba hata wakati wa kutafuna alikuwa analinganisha.

Hamaguchi naye akaanza kuchoka, ingawa adabu haikumruhusu kusema. Siku moja Fusae alimwona kwa macho yake: alipowaona wanaingia, yule bwana aliinama taratibu nyuma ya mashine za kufulia, akawa kama anatafuta kitu kilichoanguka. Shozo alikwenda kusimama palepale mpaka Hamaguchi akalazimika kunyanyuka.

"Aa! Mzee Kawanishi! Leo tena?"

"Nina swali dogo tu."

"Karibu, mzee," Hamaguchi akasema, na kikohozi chake siku hiyo kilikuwa kirefu.

Mwanzoni mwa Oktoba bei ya ile ya fedha ikashuka kwa yeni elfu moja. Fusae alipata matumaini. Mtu yeyote mwenye akili, alijiambia, sasa atachukua iliyoshuka. Lakini Shozo alikaa kitini akashika shavu.

"Mambo yamevurugika," akasema. "Nilikuwa nalinganisha vitu vya bei moja. Sasa inabidi nianze upya."

"Uanze upya wapi?"

"Mwanzo."

Usiku ule simu ikalia. Alikuwa Bi Tsuneyo.

"Kamera imenunuliwa?"

"Bado, Mama."

"Mimi nimeshatia nywele mawimbi mara mbili kwa majaribio. Yule msusi anadhani nina mchumba."

"Vumilia kidogo. Bado anaangalia ipi inafaa."

"Hivyo? Basi mwambie mkwe wangu asiharakishe. Hata kifo nacho kinalinganisha. Hakijaamua kianze na mimi au na Masuko wa jirani. Siku kikiamua tutawapigia simu."

Fusae aliposhusha mkono wa simu, Shozo aliuliza, bila kuinua macho kwenye daftari, kama mama hajambo. Fusae akachukua taulo. Alikwenda kuoga, akakaa ndani ya maji ya moto mpaka vidole vikakunjamana, akijaribu kukumbuka kwa nini miaka thelathini na minne iliyopita alimwona mtu yule kuwa mwangalifu na akapendezwa.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba Shozo alikwenda dukani peke yake. Alirudi amepauka uso, akavua viatu, akasahau kuvipanga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nyeusi imekwisha," akasema. "Wametoa mpya, hii hawaiagizi tena. Ya mwisho imeuzwa jana."

"Afadhali. Basi tunachukua ya fedha."

"Hapana, sikiliza. Kama nyeusi imekwisha mapema, maana yake watu wameona kitu ambacho mimi sikukiona. Maana yake nyeusi ndiyo iliyokuwa bora."

Fusae alikuwa anapangusa meza. Alikitupa kile kitambaa kwenye beseni la vyombo, maji yakaruka mpaka dirishani.

"Mshika mbili moja humponyoka! Na wewe imekuponyoka, na iliyobaki huitaki! Tangu Agosti, Baba Tomoe! Tangu tikiti maji! Mimi kila siku nalisha watoto mia nne na kumi. Ningekuwa nakaa kulinganisha punje na punje, si wangekufa njaa na vijiko mkononi? Mama anatimiza miaka themanini na minane. Themanini na minane! Anasubiri picha moja, na wewe unachonga figili!"

Shozo akageuka. Alitazama altare ndogo ya nyumbani ya kuwakumbuka wafu, mahali ilipokuwa picha ya mama yake, ile ambayo Fusae huifuta vumbi kila Jumatatu.

"Picha ile niliipiga mimi," akasema.

"Najua uliipiga wewe."

"Hujui yote. Ilikuwa vuli. Nilipita kwenye kibanda cha stesheni, nikanunua kamera ya kwanza niliyoiona, kwa kuwa treni ilikuwa inakaribia kuondoka. Nikamsimamisha mama chini ya mti, nikapiga moja. Nikasema nyingine nitampiga mwaka mpya. Mwaka mpya kulikuwa na kazi nyingi. Masika akafariki. Kila asubuhi naweka wali mbele ya uso usioonekana. Sikumbuki tena macho yake yalikuwaje, Fusae. Nakaa pale najaribu kukumbuka, na ninachokumbuka ni ile picha tu."

Huruma na hasira vilimjia Fusae kwa pamoja, na hasira ikatangulia mlangoni.

"Kwa nini hukuniambia tangu Agosti?"

"Ulikuwa na kazi."

"Nilikuwa na kazi! Miaka yote hii nafuta vumbi uso wa mama mkwe, nami nilikuwa na kazi!" Akaketi. Sauti yake ikashuka, lakini haikulainika. "Haya, na mimi nikwambie. Picha ile haikuharibiwa na kamera. Umesema mwenyewe ulipiga moja. Kwa nini hukupiga kumi?"

"Filamu ilikuwa ghali."

"Hizi hazina filamu, mume wangu. Piga mia."

Shozo alifungua daftari, kama anayetaka kutazama iwapo jambo hilo lilikuwa limeandikwa. Halikuwa limeandikwa.

Kesho yake Fusae alitoka kazini, hakubadilisha nguo. Akaingia dukani na aproni nyeupe na viatu vya mpira, ananuka samaki wa kukaanga. Hamaguchi aliangalia nyuma yake kama yupo mtu mwingine.

"Nimekuja peke yangu," Fusae akamtuliza. "Hebu nieleze. Ajuza wa miaka themanini na minane. Ameketi ndani, nyumba ya zamani, giza giza. Anayempiga picha amesimama karibu, na mikono inamtetemeka kwa wasiwasi. Wewe ungechukua ipi?"

"Nyeusi," Hamaguchi akasema papo hapo, bila hata kukohoa.

Fusae alimkazia macho. "Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Mama, mzee aliniuliza mambo mia mbili kuhusu kamera. Hakuna aliyeniambia mnataka kumpiga nani."

Fusae alishika ukingo wa kabati la vioo. Kisha akauliza kama kweli nyeusi zote zimekwisha.

"Imebaki ile ya maonyesho tu. Lakini naona aibu kukuuzia, imeshikwa sana."

"Imeshikwa na nani?"

Hamaguchi akatazama sakafu. "Kusema kweli, mama, karibu mara zote ni mumeo."

Akaondoka nayo, kwa bei iliyopunguzwa, ndani ya boksi ambalo si lake. Shozo alipoiona mezani alikaa mbele yake na mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeletewa mgeni mheshimiwa. Aliigeuza. Akaiwasha, akaizima. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini:

"Ya fedha ilikuwa inavuta mara sita."

"Mama atakuwa ameketi mita mbili kutoka ulipo! Unataka kumvutia wapi?"

Siku yenyewe, ishirini na tatu Novemba, ilikuwa sikukuu na jua lilikuwa zuri. Bi Tsuneyo alikuwa ameamka kabla ya jogoo. Nywele zilikuwa na mawimbi kwa mara ya tatu, na alivaa kimono nyeusi yenye nembo za ukoo, iliyokazwa kiunoni kiasi cha kumfanya ahesabu pumzi. Jikoni kulikuwa na wali wa samaki mwekundu aitwaye tai, na maandazi ya samaki wa kusagwa yaliyokaangwa. Aliketi kwenye mto mbele ya mlango wa karatasi, akanyoosha mgongo.

"Anza, mkwe."

Shozo akapiga picha tatu. Ya nne, kioo kikawa cheusi. Betri ile, baada ya kukaa miezi dukani ikiwashwa na kuzimwa mchana kutwa, ilikuwa imechoka. Na usiku uliotangulia Shozo hakuwa ameichaji mpaka mwisho, kwa sababu alisoma mahali kwamba kuijaza sana kunaidhuru.

Fusae alitoka uani. Alisimama kati ya michenza, akauma chenza pamoja na ganda lake.

Wakasubiri betri ijae kwa muda wa saa mbili na nusu. Bi Tsuneyo alikataa kuvua kimono, maana kuivaa tena kungekuwa kazi ya siku nyingine. Alikataa kula, asije akaichafua. Akasinzia ameketi. Alipoamka jua lilikuwa limeshavuka upande wa pili wa kilima, na ndani mlikuwa na mwanga wa taa moja tu. Nywele zilikuwa zimelala upande mmoja.

"Iko tayari?" akauliza.

"Iko tayari, Mama," Shozo akasema, naye akaanza. Alipiga amesimama, akapiga amepiga magoti, akapiga amelala kifudifudi. "Mama, geuza kidevu kidogo. Kidogo tena. Rudi. Hapana, ulivyokuwa mwanzo." Picha ya thelathini. Picha ya sitini. Mkono ulimtetemeka, lakini kamera ilimsitiri.

Kwenye picha ya tisini na kitu uvumilivu wa ajuza ulifika mwisho.

"Mkwe!" akafoka, mkono mmoja hewani. "Umepima mashamba ya nchi nzima, uso wangu tu ndio umekushinda? Nina njaa! Mke wako analia nje na machenza! Ukipiga tena moja nitakufa hapahapa, na utatumia yoyote ile!"

Kitufe kilikuwa kimeshabonyezwa.

Baada ya kula, Bi Tsuneyo alitaka kuziona. Shozo alimpitishia moja moja kwenye kile kioo kipana. Ajuza alizipita zote zenye kile kidevu kilichogeuzwa na kurudishwa. Akasimama kwenye ile ya mkono hewani, nywele zimelala, mdomo wazi, meno mawili ya chini hayapo, macho yanawaka.

"Hii hapa."

"Mama, jamani, umefungua mdomo," Fusae akasema. "Watu watasemaje mazishini?"

"Watasema ni Tsuneyo. Hizo nyingine ni za kibibi fulani, simjui." Akainyakua kamera mkononi mwa mkwewe. "Haya, sasa kaeni nyinyi. Kinabonyezwa wapi?"

Walikaa. Shozo akanyoosha kidole kumwonyesha kitufe, Fusae akamgeukia Shozo kumwambia amwache mama wa watu, na picha ikanaswa. Alipoonyeshwa, Fusae hakuamini. Mwanamke yule alikuwa na macho ya mpishi anayetazama sufuria likifurika, na mdomo umefinywa kama aliyelamba siki.

"Ndivyo ninavyoonekana?"

"Tangu Agosti," Shozo akajibu kwa upole.

Kamera haikurudi Matsuyama. Bi Tsuneyo alisema mwenye picha ndiye mwenye kamera, akabaki nayo, na majira yale ya baridi akapiga machenza, paka, ngazi yake, na Bi Masuko wa jirani akiwa hajachana nywele. Shozo alipata macho ya mama mkwe wake kwenye karatasi, makali na yaliyoonekana wazi, akaagiza nakala mbili. Moja aliifunga kwenye bahasha, wala hakusema ya nini. Asubuhi aliendelea kuweka wali pale pale pa zamani, lakini Fusae aliona kwamba sasa hakai tena muda mrefu na paji lililokunjamana. Siku nyingine alikuwa akimweleza mkewe vijambo kuhusu mama yake: kwamba alipenda chumvi, kwamba alipiga chafya mara tatu tatu. Fusae alisikiliza huku akikatakata mboga.

Ile picha yao wawili Bi Tsuneyo aliisafishisha kubwa, akaitundika jikoni kwake juu ya sinki. Kila Fusae alipokwenda kumtembelea aliigeuza itazame ukuta. Na kila aliporudi aliikuta inamtazama yeye.